Jina Chini ya Tausi wa Mguu Mmoja

Wewe ungemjibu nini? Mzee Mihran ametoka Beirut na goti lake bovu, amekaa sebuleni kwa mama yako hapa Gyumri, mapazia yamefungwa adhuhuri yote hii kwa sababu taa yangu ya mwanga wa zambarau haioni kitu penye jua, na anakuuliza taratibu, kama anayeomba chumvi, "Unaona nini, binti yangu?", na wewe unaona, Mungu wangu, unaona mpaka usichotaka kuona... taa imeinamia ukurasa wa mwisho wa Injili yetu ya kale iliyoandikwa kwa mkono, ngozi ya ndama imegeuka samawati kama maziwa yaliyoharibika, tausi yuko palepale pembeni na dhahabu yake, tausi wa mguu mmoja, ndiye huyuhuyu ambaye mzee Mihran alinisimulia kwenye simu mwezi wa tisa, bibi yake alikuwa akisema mchoraji alikufa kabla hajaufikia mguu wa pili, nami nikamwambia kwa ujinga wangu wote, njoo, mzee wangu, nyumbani kwetu yupo tausi kama huyo, njoo tuangalie kama jina la ukoo wenu limo, na chini ya tausi kuna maandishi ya mwenye kitabu, mimi fulani nimekikomboa kitabu hiki kutoka utekani kwa mali yangu ya halali, na pale penye fulani pamekwanguliwa. Kukwangua si ajabu, ndiyo kazi yangu hiyo kwenye hifadhi kule Yerevan, kufuata mikono ambamo vitabu vimepita, kutoka kwa mtawa hadi kwa mwizi hadi kwa mjane, na huwezi kufungua vingi kabla hujakuta jina la mtu limefutwa na mtu mwingine, wezi wamefuta, maaskofu wamefuta, na wapo waliokuwa vyote viwili, ninaandika "jina limefutwa", ninakunywa chai yangu, wafutaji wamekufa karne nne sasa, hakuna hata mmoja aliyewahi kukohoa nyuma ya kiti changu, na mama anakohoa.

"Zima hiyo taa, Shushan. Utamchoma mtakatifu."

Mtakatifu ndiyo Injili, ndivyo tunavyoiita, mtakatifu wa nyumba, ana chumba chake na mshumaa wake, anaishi vizuri kuliko sisi. "Haichomi, mama." "Na huyo tumboni, naye haimchomi?" "Mama Arpenik," anasema mzee Mihran, "mimi madaktari wamelipiga picha goti langu mpaka usiku sihitaji mshumaa, na bado nipo." "Upo ndiyo," anasema mama, "ila goti halipo," na mzee anacheka, kicheko kizuri cha mtu asiyejua, na harufu ya kahawa, na mama amekipindua kikombe chake juu ya kisosi kama kawaida yake asome bahati, lakini hajakifunua, tangu tumeanza hajakifunua, mama ambaye husoma hata vikombe vya wageni bila kuombwa... tulia, Shushan, angalia ngozi, fanya kazi, usiwaze. Wanawake wa mtaa huu wote huja kuubusu ukurasa huu, wenye wana jeshini, wenye waume Urusi, midomo na midomo mpaka ukurasa umekuwa kahawia, kwenye taa mafuta ya midomo yanaonekana manjano, manjano kila mahali, isipokuwa hapo, hapo pasafi, peupe kama ufizi uliong'olewa jino jana, na hakuna mdomo uliopagusa tangu pakwanguliwe, na Pasaka hii mimi mwenyewe nilibusu hapohapo, chini ya tausi, palikuwa kahawia, nilikuwa nimetoka kupoteza mimba ya pili na nilikuwa naomba kitu ambacho msomi haombi, kwa hiyo ni baada ya Pasaka, kwa hiyo si mwizi wa zamani, si askofu, ufunguo wa sanduku la mtakatifu uko shingoni mwa mtu mmoja tu, na kusoma maandishi ya kale katika nyumba hii tunajua wawili, mimi kwa sababu ya chuo kikuu, yeye kwa sababu ya baba yake shemasi... Mtoto hajacheza tangu asubuhi. Amelala tu, daktari alisema wanalala, wanalala sana, usijitie wazimu. Kwa sababu mstari unaofuata haukukwanguliwa, mstari unaofuata ni mzima, mweusi, atakayekizuia kitabu hiki kisirudi katika nyumba yangu, tumbo la nyumba yake lisizae, na mimi niliwahi kusimama ukumbini mbele ya maprofesa nikasema laana hizi zilikuwa kufuli za watu wasio na kufuli, wakacheka, nikapenda walivyocheka, na sasa mkono mmoja umeshika taa na mwingine umeshika tumbo, na mama miaka yote alisema, ni ya kwetu tangu Nuhu, nyanya yako aliibeba mgongoni alipokimbia mauaji kutoka Mush, hakusema nyanya aliachiwa na majirani, hakusema walimwambia tunza mpaka turudi, na majirani hawakurudi, na sasa karudi mmoja na fimbo na kisanduku cha peremende. "Unaona kitu?" Naona, mzee wangu, wino wa kale ukikwanguliwa hauishi, umeingia ndani ya ngozi, kwenye taa unarudi kama kivuli, herufi ya kwanza, ya pili, S, a, h, Sahak, jina uliloniambia, la babu wa babu zako, ninaliona kama ninavyokuona wewe, nikisema naona nimemfanya mama mwizi mbele ya mgeni aliyekula mkate wetu, nikisema sioni unarudi Beirut mikono mitupu na mimi ni nani tena, na mwanangu hachezi, cheza basi, teke moja tu... Mwezi wa sita nilipomwambia mama nina mimba nyingine alikuwa jikoni anafunga majani ya mzabibu, hakupiga vigelegele, alifuta mikono akauliza, "Umemwambia nani?", sijamwambia mtu, akaenda kwa mtakatifu akajifungia, nikaudhika, nikajiambia kaenda kuombaomba, na wembe wa marehemu baba haukuonekana bafuni tena na sikuuliza... mwezi wa sita. Ngoja. Mwezi wa sita. Mzee Mihran alipiga simu mwezi wa tisa. Hakuwa anamficha huyu mzee jina, alikuwa hata hamjui, alikuwa anaificha nyumba, alikwangua ili laana ikija isijue inadai kwa niaba ya nani, isijue ilipize kisasi kwa nyumba ipi, ee mama, nani anafikiri hivyo, na taa inashuka mstari mmoja zaidi kwa sababu mkono wangu umechoka, na upo, mstari wa mwisho, mdogo, atakayelifuta jina langu, lake lifutwe katika kitabu cha uzima, na yeye anasoma, anasoma vizuri kuliko mimi, alifika mpaka hapo, alijifungia na wembe akausoma ule wa kwanza akausoma na huu, akapima, akaamua laana hii ya pili imwangukie yeye, ili ile ya tumbo isinifikie mimi... sikujua mtu anaweza kuogopa hivyo miezi minne na bado akapika. Sasa ninamwogopea yeye. Gizani nasikia kikombe kinafunuliwa, kisosi kinalia.

"Shushan binti yangu," anasema mzee, "kama hamna, sema tu hamna. Nimezoea."

Nafungua mdomo. "Naona..."

"Mwache, mzee," anasema mama. "Anaona Sahak. Nimemkwangua mimi."