Fundi Koki na Nguzo ya Tatu

Fundi Koki alikuwa na masikio ya kusikia maji yakivuja chini ya ardhi. Kwa miaka ishirini na sita, kila asubuhi, alifuata bomba kuu kwa miguu, kutoka tangi la kilimani hadi koki ya mwisho nyuma ya soko. Alichomeka nondo ardhini, akaweka sikio kwenye ncha yake, na penye tundu akapajua.

Mwaka huo kukazuka jambo. Kila akifika nguzo ya tatu ya umeme, kigimbi cha mguu wa kulia kilikaza kama kimefungwa kamba. Akisimama dakika mbili, maumivu yanayeyuka, anaendelea na safari. Kilichomshangaza ni hiyo nguzo. Si ya pili, si ya nne. Mguu ulijifunza wapi kuhesabu? Ili watu wasimcheke, akawa anachomeka nondo palepale na kujifanya anasikiliza.

Mkewe alimtazama kutoka uani wiki nzima, akachoka kunyamaza.

"Baba watoto, hilo bomba linakusimulia hadithi gani isiyokwisha?"

"Nasikiliza tu."

"Unasikiliza kwa sikio, na mkono unasugua kigimbi?"

Kesho yake wakaenda zahanati. Daktari alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wao. Akampima presha mkononi, kisha akamfunga kipimo kifundoni. Fundi akainua kichwa kitandani.

"Unapima mwanzo na mwisho?"

"Ndiyo, baba. Mkononi mia na arobaini, mguuni tisini."

"Basi katikati pameziba. Hata mimi bombani naweka geji mbili za presha hivyohivyo."

"Sasa mimi nimebakiwa na kazi gani?" Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaeleza kwamba mafuta hujishika kwenye kuta za mishipa ya damu, mwaka hadi mwaka, ukuta unakuwa mgumu na njia inabana. "Na mishipa ya mguu ikiwa hivi, ya moyo na ya kichwa nayo si ya kuaminiwa. Hizo sigara zako, mwisho leo. Vidonge kila siku, hata ukijiona mzima. Chumvi na mafuta upunguze. Halafu utembee."

Fundi akashika yote, ila hilo la mwisho lilimgomea. Tangu lini bomba bovu likaongezewa presha? Bomba bovu unalifungia koki, unalipumzisha. Basi akaomba likizo ya miezi minne, akakaa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, wiki tatu za kwanza. Alipojaribu kutoka, maumivu yalimpokea nguzo ya pili.

Hapo akaogopa kweli. Na mkuu wa kituo cha maji alikwishatuma salamu: akimaliza likizo watatembea pamoja kilima chote, na akishindwa, laini hiyo ya bomba apewe mwingine.

"Ulitembea?" daktari akamuuliza aliporudi zahanati.

"Nilifunga koki, mwanangu."

Daktari akajishika kichwa. "Baba, mguu si chuma. Uko hai. Ukitembea mpaka mguu uume, ukapumzika, ukatembea tena, vijishipa vidogo vya pembeni hupanuka, vikapitisha damu kuzunguka palipobana. Ukikaa, vitapanuka kwa ajili ya nani? Ila mguu ukiuma hata ukiwa umekaa, usingoje, njoo mbio."

Fundi akarudi nyumbani akitabasamu peke yake.

"Mke wangu, kitendawili."

"Tega."

"Bomba langu likiziba hujichimbia njia lenyewe."

Mkewe akataja mto, akataja mzizi, akataja siafu. Akashindwa. Fundi akanyoosha mguu, akauonyesha kwa kidole.

"Huo? Uvivu wote ule?" Mkewe akavaa viatu. "Twende tukauone ukichimba."

Wakatembea kila siku, yeye akiuma meno, mkewe akihesabu dakika za kupumzika. Kwanza nguzo ya tatu ikarudi. Mwezi wa pili wakafika ya tano. Likizo ilipokwisha, mwezi wa tatu, alikuwa anafika ya nane.

Siku ya mkuu ikafika. Mkuu alikuwa na tumbo la kutangulia na sigara sikioni. Nguzo ya nane, Fundi akasimama waziwazi. "Hapa napumzika dakika mbili, mkuu, ndiyo dawa yenyewe." Wakaendelea. Nguzo ya kumi, mkuu ndiye aliyesimama. Akatoa simu, akaitazama kwa makini sana. Simu ilikuwa imezima.

Fundi akatazama ule mkono mwingine. Ulikuwa unasugua kigimbi.

"Mkuu, huwa kinakukamata hapahapa?"

Mkuu akairudisha simu mfukoni. "Kila siku. Kama kinahesabu. Wewe umejuaje?"

Fundi akachomeka nondo ardhini ili mkuu aiegemee. "Pumzika kwanza. Tukishafika koki ya mwisho, nitakupeleka kwa binti mmoja mwenye geji mbili. Na hiyo ya sikioni niachie mimi."