Benchi la Dirishani

Mwaka wa hamsini na nane, wanafunzi wa chuo cha serikali kilichokuwa nje ya Rongai walikuwa wengi kuliko watu wa mji wenyewe. Mji ulikuwa barabara moja, stesheni ya reli, duka la Ishak la chai na mandazi, na vumbi la kumtosha kila mtu. Jumamosi wanafunzi wakishuka, hata mbuzi walipisha. Siku nyingine walikuwa huko juu kilimani wakigombania uji, wakilalamikia maharagwe yenye wadudu na kujikuna chini ya blanketi za serikali zilizowasha kama upupu.

Kipkemei alikuwa na raha yake katikati ya kelele hizo. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kilimo, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, maana siku zile wengi walianza shule baada ya kuchunga ng'ombe hadi ng'ombe wakawachoka. Raha yenyewe iliitwa Cheptanui, na ilisomea ualimu. Kila jioni msichana huyo aliwahi bwaloni, akakalia benchi la dirishani na kuweka sweta lake pembeni. Aliyejaribu kukaa hapo aliambiwa pana mwenyewe, na chuo kizima kilimjua huyo mwenyewe.

Walikuwa wamekwisha kuelewana. Krismasi ikifika, Kipkemei angewatuma wazee wa kwao kuposa. Wala msimdhanie bwege. Kabla hata ya kumnunulia Cheptanui chai kwa Ishak, alimwuliza ukoo wake, kama Mkipsigis yeyote mwenye adabu, akakuta koo zao zinaoana. Rika la baba yake hakuliuliza. Aulize nini? Wanarika wake, wale waliotahiriwa pamoja naye, watoto wao walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Baba wa msichana mkubwa hivi ni lazima awe wa rika la juu, alijiambia, na akalala usingizi wake.

Siku ya wazazi ikafika. Baba yake Cheptanui, arap Maritim, alikuwa anakuja kwa garimoshi kutoka Lumbwa, na Kipkemei alitaka kupendeza machoni pa mkwe. Alilalia suruali yake chini ya godoro ipate mkunjo. Micah, Mluhya waliyepakana vitanda, alimwazima tai.

Alitazamia kuona mzee mwenye mvi. Aliyepanda kilima na Cheptanui alikuwa mwanamume wa nywele nyeusi tititi, meno yote mahali pake, anatembeza fimbo kwa maringo tu.

Walikaa nyasini. Mgeni akauliza habari za mvua, za ng'ombe, za ukoo, na kila jibu lilimfurahisha. Cheptanui alikuwa akitabasamu huku ameinama. Ndipo mgeni akauliza lile ambalo wanaume wa kwao huulizana kabla kikao hakijakolea.

"Wewe ni wa rika gani?"

"Sawe," Kipkemei alisema. "Wale wa mwisho kabisa. Baada yetu lilifungwa."

Arap Maritim akaiangusha fimbo, akamvuta na kumkumbatia kwa nguvu.

"Na mimi ni Sawe. Sisi ndio tuliolifungua."

Rika moja hukaa wazi miaka mingi. Anayeingia mlango unapofunguliwa aweza kuwa na binti wa kuolewa wakati aliyeingia unapofungwa bado anatafuta mke. Lakini wote ni wamoja, na binti wa mwanarika wako ni binti yako. Humposi. Hata kumwazia ni aibu ambayo watu wa kwao hawana faini ya kuilipia.

Kipkemei alipigwa na butwaa. Yule bwana bado alikuwa akimpigapiga mgongoni na kumtania kwa matusi, kama wanarika wanavyotaniana.

"Nilikuwa naogopa kumwacha huyu katikati ya vijana," alisema. "Kumbe ana baba hapa. Nichungie, ndugu yangu. Cheptanui, njoo umsalimu baba yako."

Cheptanui alikuwa hatabasamu tena. Alikuja, akainamisha kichwa, akangoja. Kipkemei akaweka kiganja utosini pake, kwenye nywele ambazo hakuwahi kuthubutu kuzigusa.

Akamkumbuka mama yake. Mwaka aliotahiriwa, mama alimsihi angoje rika jipya lifunguliwe, aingie na wadogo wenziwe. Yeye alisusa chakula mpaka baba yake akakubali, ili awe mwanamume mapema. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, mama alisema, na yeye akacheka. Angengoja, angekuwa Korongoro leo, na mtu huyu angekuwa mkwe wake.

Garimoshi lilipoondoka alimweleza Micah yote. Micah alishika kichwa, kisha akamwambia, "Nendeni kwa DC awaandikishe ndoa, bwana. Hayo mambo ya rika wachana nayo. Huku ni shuleni."

Maneno hayo yalimwingia Kipkemei. Kengele ya chakula ilipolia alikuwa ameamua. Angeketi pale dirishani na kumwambia Cheptanui kwamba yuko tayari kutengwa na watu wake wote, mradi yeye akubali. Alivuka bwalo na sahani yake.

Benchini hapakuwa na sweta. Cheptanui alikuwa amelivaa, amelifunga vifungo vyote hadi shingoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimwona akija, akachukua sahani yake na kusimama, kama binti anavyosimama mzazi akiingia.

"Keti, baba," alisema.

Meza nzima iliangua kicheko, wakidhani ni mzaha mpya wa wapenzi. Cheptanui akaenda kukaa na wasichana wa ualimu, akaupa mgongo upande ule. Kipkemei akaketi, na benchi zima likawa lake.