Betri ya Mraba ya Kitanda cha Sita

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wazima kwa wagonjwa, kwamba siku ya Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, katika uwanja wa ndani wa hospitali kuu, tiba ya moyo iliingia enzi mpya.

Iliingia saa sita na robo, kwa sababu mgeni rasmi alichelewa. Katika muda huo wa kungoja, enzi ya zamani ilikuwa imekaa wima kwenye kitanda cha sita cha wodi ya wanawake, waya shingoni, ikisonya kwa sababu ya shuka.

"Aliyelipiga pasi hili ana ugomvi nyumbani kwake," Dobi alimwambia mwanamke wa kitanda cha saba. "Tazama mkunjo. Huu si mkunjo, ni kovu."

"Wewe nawe. Unaumwa moyo au unaumwa shuka?"

"Moyo una daktari. Shuka hili halina mtu."

Alikuwa na haki ya kusema. Kwa miaka ishirini na miwili alifua na kupiga pasi nguo za watu, yakiwemo makoti meupe ya madaktari wa hospitali hii hii. Aliwajua kwa kola kabla hajawajua kwa sura. Kola haidanganyi, alizoea kusema. Mtu anaweza kunyoosha uso, kola ikamuumbua. Kisha siku moja, pasi ya mkaa mkononi, moyo wake ulipiga, ukasita kama mtu aliyesahau alichotumwa, ukapiga tena, ukasita zaidi. Alipozinduka sakafuni, shati la mteja lilikuwa na tundu lenye umbo la pasi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Shati la nani?"

Daktari kijana alimweleza vizuri. Moyo una umeme wake. Chumba cha juu kinatuma taarifa, chumba cha chini kinaipokea na kupiga. "Wako, mama, chumba cha juu kinatuma, cha chini hakipokei."

"Kama ofisi za wakubwa," Dobi akasema.

Wakampitisha waya kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya moyo, wakauunganisha na kisanduku chenye ukubwa wa redio ndogo, kikaning'inia kwenye chuma cha kitanda. Kisanduku kilituma umeme kidogo, moyo ukatii. Kilikuwa cha siku chache tu, mpaka kipatikane kifaa cha kudumu cha kuwekwa chini ya ngozi. "Wewe ni wa kwanza kwenye orodha," daktari alisema. Sasa ilikuwa wiki ya tisa, na bado alikuwa wa kwanza.

Kisanduku alikiita mume wake mpya. "Wa kwanza alinipiga, huyu ananipigia," aliwaambia wenzake wodini. "Hanywi, hatoroki. Ila kula, anakula."

Alikula betri. Betri ya mraba, ndogo kama kiberiti, aina ile ile inayotiwa kwenye vipaza sauti. Ilibadilishwa kila siku ya tano, na ilinunuliwa na ndugu wa mgonjwa kwenye duka lililo ng'ambo ya lango, maana stoo ya hospitali haikuwa nazo. Iliyokwisha, Dobi hakuitupa. Aliitia alama ya msalaba kwa kalamu yake ya wino wa zambarau, ule wa kuwekea alama nguo za wateja, ule ambao sabuni haiung'oi, kisha akaidondosha ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda.

"Unazihifadhi za nini, mama?" Binti yake aliwahi kumuuliza. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na kwa jinsi alivyojua kubisha, mama yake alimwita Wakili.

"Siku wakisema hospitali ndiyo iliyonitunza, nitawamwagia kopo mezani."

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya tano. Betri mpya ilikuwa kwenye droo, imefungwa ndani ya leso. Lakini Sista wa zamu alikuwa amekatazwa kufungua chochote mbele za watu mpaka wageni waondoke. "Mgeni apite kwanza, mama," alisema. "Taa nyekundu ya kisanduku ikiwaka nitakuja hata kama anapita mfalme. Ikiwaka tunakuwa na nusu saa, tukibahatika."

Saa tano Mkurugenzi alipita kukagua. Alikuwa na suti mpya, na nyuma yake alifuatwa na mtu aliyebeba kisanduku cha kioo chenye kitambaa chekundu. Juu ya kitambaa kulikuwa na kitu kinachong'aa, kidogo kama kidonge cha dawa.

"Akina mama, mnaona?" akasema. "Huu ndio uvumbuzi tunaouzindua leo. Unaingizwa ndani ya moyo wenyewe. Hauna waya, haumkati mtu kifua. Miaka kumi hauombi betri."

Dobi aliitazama ile punje kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nguo ya dukani.

"Samahani, baba. Mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha."

"Orodha ipi?"

"Ya moyo. Basi hicho changu nitawekewa lini? Leo baada ya sherehe au kesho?"

Mkurugenzi alitabasamu. "Hiki ni cha maonyesho, mama. Ni mfano tu. Ndani hamna kitu."

"Hamna kitu?"

"Ni ganda. Vyenyewe vitakuja kwa awamu."

"Awamu," Dobi akarudia taratibu. Akamwangalia akienda, kisha akamgeukia bintiye, aliyeketi kando ya kitanda. "Kola yake imeungua kwa ndani. Amebadilisha dobi."

Binti hakucheka. Alimtazama Mkurugenzi mpaka alipotokomea mlangoni. Kisha akachukua ndoo, akainama kidogo chini ya kitanda kama anayetafuta kandambili, akasema anakwenda kuchota maji kwenye bomba la uwanjani. Alikawia. Huko nje fundi wa vipaza sauti alikuwa amemaliza kujaribu, moja mbili tatu, akaacha meza yake na kwenda kunywa chai. Binti aliporudi mashavu yalimvimba kwa kicheko alichokibana.

"Umefanya nini, wewe?"

"Sijafanya kitu, mama. Nimechota maji."

"Na maji yanachekesha?"

"Nahisi tu hotuba ya leo itakuwa fupi."

Saa sita na robo mgeni rasmi aliwasili. Madirisha ya wodi yalitazamana na uwanja, na wagonjwa walioweza kusimama walisimama. Mgeni alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akainua mkono, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akakigonga. Akafungua mdomo tena, akaufunga, akaufungua, uso umejaa uzito wa mambo ya nchi, na sauti haipo.

"Jamani, samaki!" akasema mwanamke wa kitanda cha saba.

Wodi nzima ilipasuka. Dobi alicheka mpaka akashika waya wake kwa mkono ili usivutike, machozi yakamtoka, na kwa kitambo kidogo alikuwa mwanamke wa kawaida aliyekaa kibarazani na wenzake. Binti alicheka kuliko wote. Aliketi sakafuni kabisa.

Alikuwa bado sakafuni mlango ulipofunguliwa kwa nguvu. Mkurugenzi aliingia, jasho likimtiririka, fundi nyuma yake, Sista nyuma ya fundi.

"Betri ya mraba!" Mkurugenzi akasema. "Hospitali nzima, haipo betri ya mraba?"

"Ya akiba haikununuliwa, mzee," fundi akasema. "Fomu iko mezani kwako tangu mwezi uliopita. Nilete cha waya?"

"Cha waya? Leo tunazindua kifaa kisicho na waya, wewe unataka nimkabidhi mgeni waya?"

Sista alitazama dari, penye king'ora cha moshi. Kifuniko kilikuwa wazi, ndani mtupu. Betri yake ilikwenda kwenye sherehe ya mwaka jana. Kisha macho ya Sista yakashuka, yakatua kwenye droo ya kitanda cha sita, na akajuta yalikotua, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa ameyafuata.

"Mama, una betri?"

"Ninayo. Ni ya kisanduku."

"Kisanduku kinafanya kazi?"

"Kinafanya, lakini leo ni siku ya..."

"Basi tunaazima. Dakika kumi."

Binti aliruka. "Nitakimbia dukani! Naomba dakika tano tu!"

"Lango limefungwa. Hatoki mtu wala haingii mpaka mgeni aondoke. Ni utaratibu wa usalama."

"Lakini hiyo ni ya moyo wa mama yangu!"

"Na ile ni hotuba ya mioyo ya taifa zima," akasema Mkurugenzi. Hakuipaza sauti. Akamgeukia Dobi. "Mama, tusifike mbali. Kitanda ni chetu, kisanduku ni chetu, waya ni wetu. Tumekuomba kitu kimoja."

Dobi alimwangalia bintiye, aliyekuwa amefungua mdomo kubisha tena.

"Wakili, nyamaza." Akavuta droo, akafungua leso taratibu, pembe moja baada ya nyingine. "Dakika kumi, umesema?"

"Kumi."

"Nguo ya mtu ikiazimwa hurudi imevaliwa, baba. Lakini irudi."

Fundi aliona haya. Akaitoa ile betri mbovu ndani ya kipaza sauti alichokuja nacho, akaibadilisha, na ile mbovu akamwachia Dobi juu ya kabati, kama mtu anayeacha chenji. Wakatoka mbio. Punde sauti ya mgeni ikajaa uwanja, ikagonga madirisha, safi kama kengele. "Ndugu wananchi!"

Dobi alivaa miwani. Mazoea hayana dawa: betri imekwisha, hutiwa alama. Akafungua kalamu ya zambarau, akaigeuza ile betri apate pahali pa kuandika.

Msalaba ulikuwepo tayari.

Aliutazama. Akainamisha kichwa kadiri waya ulivyomruhusu, akalivuta kopo la maziwa, akahesabu kwa kidole. Moja ilipungua. Akaifunika kalamu kwa kifuniko chake, nacho kikalia *tiki*. Alipoinua macho, Binti hakuwepo tena.

Taa nyekundu iliwaka mgeni alipokuwa akiwashukuru waliokuja kabla yake.

Sista alikuja kama alivyoahidi. Alitazama taa, akatazama droo iliyo wazi, akatoka mbio. Alirudi mikono mitupu. Akatoka tena. Aliporudi mara ya pili alikaa kitandani, akamshika Dobi kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo kwa midomo isiyotoa sauti.

"Wamenizuia," akasema. "Eti nitapita mbele ya kamera. Na daktari yuko jukwaani, ameshikilia kile kisanduku cha kioo."

"Amepiga pasi koti lake?"

"Amepiga, mama."

"Afadhali."

Binti akaingia, pumzi juu juu. "Nimemfuata Mkurugenzi. Anasema subiri. Mgeni yuko ukurasa wa tatu."

"Kurasa ziko ngapi?" Sista akauliza.

"Kumi na nne."

Dobi hakusikiliza hesabu hiyo. Alikuwa akitazama blauzi ya mwanawe. Mkono wa kulia ulikuwa na tope jeusi kutoka kiganjani hadi begani, tope la mtaro, na juu ya bega alama nne za kutu zilizojipanga sawa, kama mtu aliyebana mkono wake kati ya nondo za kifuniko cha chuma, akisukuma, akisukuma ufike chini. Dobi alisoma doa lile kama alivyosoma madoa yote kwa miaka ishirini na miwili. Doa la mchuzi husema mtu alikula wapi. Hili nalo lilisema.

"Njoo hapa," akasema.

Binti akasogea.

"Tope la mtaro, maji ya baridi kwanza. Usilitie sabuni mapema, litaganda." Akanyoosha ile kola ya blauzi kwa vidole viwili. Kisha kwa sauti ya chini, Sista asisikie, akasema, "Yalichekesha kweli, mwanangu. Yale maji. Nilikuwa sijacheka tangu niletwe hapa."

"Mama..."

"Usimwambie mtu. Watakufukuza shule."

Taa ikawa inapepesa. Vidole vya Sista vilikaza juu ya kifundo cha mkono. Nje, watu walipiga makofi. Dobi aliegemea mto, akaupitisha mkono juu ya shuka, akiusukuma ule mkunjo mbaya kuelekea ukingoni, polepole, kama pasi inayopoa.

Hapa msimulizi anapaswa kunyamaza, kwa kuwa hadithi imekwisha kumkamata. Nimemwita Binti muda wote kana kwamba ni mtoto wa jirani. Nilimtoa kwenda kuchota maji, nikamrudisha na ndoo, nikatumaini hakuna atakayetazama ndani. Ndoo ilikuwa tupu. Betri mbovu niliitoa kwenye kopo la mama, nikaitia kwenye kipaza sauti, na ile nzima nikaidondosha mtaroni kati ya nondo za kifuniko, ushahidi usionekane, kama tulivyomfanyia mwalimu wa nidhamu muhula uliopita, shule ikacheka wiki nzima. Nilitaka mtu mmoja mkubwa, kwa siku moja, afungue mdomo asisikike. Sikujua kwamba katika hospitali yote hiyo, yenye jukwaa na kapeti na kisanduku cha kioo, betri nzima iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa ndani ya leso ya mama yangu.

Wakili hana utetezi.

Sista alisimama, akaita jina la mama kwa nguvu. Taa nyekundu ilikuwa imeacha kupepesa, imezimika. Na kule uwanjani betri ilikuwa bado mpya kabisa. Ilitamka ukurasa wa tisa wote bila kukwama, ikaanza wa kumi.