Siku Abdia Alipopelekwa Baharini

Siku ya pili ya Idi Qabale aliamka na furaha, na furaha ilikuwa kitu cha kumtia wasiwasi, maana kila alipoipata, kaka yake Huka hakukosa njia ya kuizima. Lakini leo mambo yalikuwa yameiva. Pilau lilikuwa sufuriani, limefungwa kwa leso lisipoe. Madumu ya maji yalikwisha pakiwa nyuma ya pikapu pamoja na godoro la kukalia. Tamar, jirani yao Mpokomo wa ua wa pili, alikuwa amekuja na wanawe wawili, wameoga na kupakwa mafuta mpaka wanameremeta. Na mama yao Abdia, mwenye safari yake, alikuwa ameketi mkekani mlangoni tangu alfajiri, ushungi mpya kichwani, mkoba mapajani, hataki hata chai isije ikamchelewesha.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kipini, kwenda kuiona bahari. Ndiyo, kuiona tu. Abdia alizaliwa kwenye nyika za Tana, akachunga huko, akaolewa huko, akazaa, akazika, mpaka Huka alipomleta Garsen mjini wakae pamoja na Qabale, bintiye aliyerudi nyumbani baada ya kuachwa. Bahari iko mwendo wa asubuhi moja kwa gari, na mama wa watu alikuwa hajawahi kuitia machoni. Hakuwa mtu wa kuombaomba. Kitu kimoja tu alichowahi kumwomba mwanawe ni ampeleke Kipini kabla macho yake hayajaisha, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa na daktari alikuwa amesema la kulia nalo liko njiani.

Huka akaahidi. Huyo naye kwa kuahidi! Idi ya mwaka uliotangulia mafuriko ya El Nino yalikuwa yamemeza barabara, na hilo Qabale hakumlaumu, maana hata kuku walikuwa juu ya mapaa. Idi ya kuchinja ikafika, barabara imekauka, wakaja wageni. Maulidi, wageni. Likizo ya Agosti, wageni tena. Tangu Huka aanze kununua ng'ombe na kuwasafirisha Mombasa, watu walikuwa wakimwita mzee hata ndevu hazijamjaa vizuri, naye akalipenda hilo jina kuliko chakula. Nyumba ikawa haikaukiwi na viatu mlangoni.

Na mgeni kwa Waorma si mtu wa kupewa kikombe cha chai akaagwa. Mgeni wa heshima hukaangiwa buna, yaani kahawa nzimanzima na ganda lake, inayotiwa ndani ya samli ya moto mpaka ipasuke na nyumba yote inukie. Ikishapasuka, mkubwa wa nyumba huomba dua, watu wakajipaka ile samli kwenye paji la uso, ndipo ikatafunwa taratibu na maziwa na mazungumzo. Buna ikishatiwa motoni hakuna anayetoka nyumbani mpaka iishe, maana anayetoka huondoka na baraka za wenzake. Mkubwa wa nyumba ile alikuwa Abdia. Kwa hiyo kila mara ni yeye aliyeomba dua ya kuifuta safari yake mwenyewe, na akaiomba kwa sauti nzuri bila kununa.

Aliyenuna ni Qabale. Alinuna kwa niaba ya wote wawili.

Basi asubuhi ile Huka alikuwa ameshika funguo mkononi, na stendi ilikuwa imeanza kupiga honi. Magari ya kwenda upande wa Witu na Kipini yaliondoka pamoja, askari wakiwa mbele kwa ajili ya majambazi wa njiani, na ukikosa msafara umeikosa siku nzima. Tamar alikwisha wapandisha wanawe. Hapo ndipo alipoingia Dida, mtu wa ukoo wao kutoka pande za Bura, amefuatana na mwenzake mmoja, bakora mkononi na salamu za Idi mdomoni. Dida alikuwa na madume ya kuuza. Qabale alimtazama kaka yake, na kaka yake hakumtazama. Funguo zikaingia mfukoni.

"Qabale, weka buna," alisema.

Qabale alimvuta kando akamwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu zote alizobakiwa nazo, kwamba msafara unaondoka sasa hivi, kwamba Mama hajala wala hajanywa kwa hamu, na kwamba Dida ni mtu wao, akielezwa ataelewa. Huka akamjibu huku akitabasamu kwa wageni.

"Bahari haihami. Weka buna."

Ee Mola! Damu ilimpanda Qabale mpaka masikio yakamuwaka. Bahari haihami, ndiyo, na macho ya Mama je? Lakini akaingia jikoni, akawasha moto, akatia samli, akamimina buna. Aliisikia ikianza kulia ndani ya sufuria. Nje aliwasikia wageni wakicheka na Huka akicheka zaidi yao. Akakaa juu ya kigoda, mikono mapajani, akaiangalia. Ikapasuka, hakuiepua. Ikawa nyeusi, hakuiepua. Moshi ukajaa jikoni ukatoka mlangoni, Tamar akaja mbio akachungulia, akamkuta rafiki yake amekaa anakohoa machozi yanamtoka na mwiko uko mbali naye. Tamar akaelewa papo hapo. Akaziba mdomo kwa kanga.

Huka alipoingia hakuhitaji kuuliza. Buna iliyoungua haiombewi dua, na sufuria iliyoiharibu haitiwi nyingine mpaka jua lipinduke; hivyo ndivyo walivyolelewa na hivyo ndivyo alivyojua kila mtu aliyekuwa pale uani. Angemzaba kofi kama si wageni. Alimwambia tu kwamba wataonana. Qabale akamwambia sawa, wataonana, lakini wataonana Kipini.

Dida, tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alipoambiwa kulikuwa na safari alishtuka, akauliza kwa nini hawakusema mapema, akasema yeye pia hajafika Kipini miaka mingi na biashara huweza kuzungumzwa popote. Basi watu wakapanda. Na hapo Huka akafanya jambo ambalo Qabale hakulitegemea hata kwake. Alifungua mlango wa mbele, akamkaribisha Dida, akamkaribisha na mwenzake, akaufunga. Mama Abdia akapandishwa nyuma, juu ya godoro, pamoja na sufuria la pilau.

Qabale akaenda dirishani akamwambia kaka yake kwamba Mama akae mbele, aone njia. Huka akasema wageni hawapandi nyuma. Abdia mwenyewe akapaza sauti kwamba nyuma ni pazuri, kuna upepo, waende tu. Gari likaondoka kwa pupa likaudaka mkia wa msafara.

Njia nzima Qabale alikuwa akiikodolea macho shingo ya kaka yake kupitia kioo. Shingo nono, imenyolewa vizuri, inageuka kwa mgeni wa kushoto, inacheka, inarudi. Alikuwa akiipangia maneno. Angeanza na Maulidi, aje Agosti, amalizie na hili la mlango wa mbele. Tamar ndiye aliyekuwa akimsemesha Abdia, akimwonyesha nyani barabarani, akimwonyesha mashamba yaliyomezwa na mchanga wa mafuriko, na Abdia akijibu kila mara kwamba ameona, ameona, huku mkono wake umeshika ukingo wa pikapu haubanduki. Kisha Tamar akamwonyesha twiga upande wa kulia, na twiga hakuwepo. Abdia akasema ameona, ni mrefu mashallah. Tamar akamgeukia Qabale, lakini Qabale alikuwa kwenye shingo.

Kipini walifika jua limesimama. Maji yalikuwa yametoka, yameacha mchanga mpana wa rangi ya udongo pale mto unapomwagikia, na bahari yenyewe ilianzia mbali kidogo, ya kijani, imetulia. Kaskazi ilikuwa ikivuma na minazi nyuma yao ilikuwa ikipiga kelele kwa upepo kushinda mawimbi. Huka alikwisha kushuka na wageni wake kwenda kutafuta samaki. Hakusubiri hata kumshusha mama yake. Qabale alimshusha, akamshika mkono, wakatembea mpaka mchanga ulipoanza kuwa na unyevu. Ndipo Qabale akamwachia akainama kuvua viatu.

Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa amekwenda hatua kadhaa peke yake, amesimama wima, mikono imefunguliwa, uso umeinuliwa, anatabasamu tabasamu ambalo Qabale hakuwa ameliona tangu utotoni. Alikuwa ameipa bahari mgongo. Alikuwa ameelekea kwenye minazi na pikapu.

"Allah, Allah," Abdia alikuwa akisema. "Tazama ukubwa wake."

Tamar aliwashika wanawe wawili mikono akawapeleka mbali.

Qabale hakumbuki alifikaje pale. Anakumbuka alisimama mbele ya mama yake, karibu kabisa, na mama yake akaendelea kuisifu minazi kupitia kwake kana kwamba hayupo. Hapo yote yakamrudia kwa mkupuo: mwezi wa Idi ambao Mama aliuona baada ya wote kusema wameuona, kidole anachokitia kikombeni akimimina chai, ukuta anaoupapasa akienda kutawadha. Uzee, alikuwa akijiambia Qabale. Uzee tu. Alimshika mabega.

"Mama. Tangu lini?"

Tabasamu la Abdia likashuka. Akauliza kwa sauti ndogo ameelekea wapi. Qabale akamwambia. Abdia akacheka kidogo kwa aibu, akasema minazi imemdanganya.

"Tangu Rajabu," akasema. "Ningesema, Huka angeona basi safari haina haja tena. Na mimi nilitaka siku moja mwanangu anipeleke mahali. Usimwambie, Qabale. Nimefika, yatosha."

Qabale alimgeuza taratibu, akamwelekeza kwenye maji, akamsogeza mpaka wimbi dogo likamfikia miguuni, na Abdia akashtuka, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akacheka. Qabale akacheka naye kwa nje. Ndani alikuwa hasikii kitu ila Rajabu. Agosti kulikuwa bado na jicho. Maulidi kulikuwa na jicho. Walikuwa na jicho zima la kuangalia bahari nzima, na jicho lile lilitumika kuangalia wageni wakitafuna buna sebuleni.

Na Huka naye akaja. Akaja na Dida na mwenzake na Mkipini mmoja mwenye samaki waliotungwa kwenye kamba, anatembea kifua mbele, sauti inamtangulia.

"Haya, Mama! Si nilikwambia nitakuleta? Umeiona?"

"Nimeiona, mwanangu," Abdia akasema, ameelekea upande ilikotoka sauti. "Nimeiona yote. Mungu akupe."

Dida akaguswa. Akasema mtoto anayemtimizia mama yake haja ya moyo hapotei, akamwombea Huka riziki na mifugo, na yule mwenzake akaitikia amina. Huka akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayejua anatazamwa. Kisha akamgeukia dada yake na kumwambia kwa sauti ya kusikika, ili wageni wajue kuwa amemsamehe.

"Sasa umenichomea buna ya wageni kwa nini? Tumechelewa nini?"

Mama yake alimfinya mkono. Qabale aliusikia ule mfinyo, akaujua maana yake, na akajua pia kwamba akinyamaza leo, kaka yake ataitembeza siku hii barazani mpaka kufa kwake: nilimpeleka mama baharini, akaiona.

"Umechelewa jicho," alisema. "Mama haoni, Huka. Haoni tangu Rajabu. Nimemkuta ameipa bahari mgongo anaisifu minazi. Kila ulipokuwa unasema weka buna, jicho lilikuwa linakufa hapo hapo mkekani mbele yako, na wewe ulikuwa unaangalia wageni."

"Qabale, nilikuomba," Abdia akasema.

Dida aliangalia bakora yake. Yule mwenye samaki akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Huka akasema ni uongo, halafu akasema tena ni uongo, mara hii kwa sauti ya chini. Alisogea mpaka karibu na mama yake. Akainua mkono, akaupitisha mbele ya uso wa mama yake, kulia, kisha kushoto, kisha akausimamisha karibu kabisa na lile jicho la kulia.

Abdia hakupepesa. Alikuwa bado ameelekea pale Huka alipokuwa amesimama mwanzo, anangoja.

"Huka," akasema, "mbona umenyamaza, baba? Umeshaondoka?"