Mwalimu wa Kwaya Hageuki

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini. Huo ni uonevu mtupu, maana kazini natoka saa kumi kamili na sijawahi kuomba nirudishwe usingizini.

Kazi yangu ni kuelekeza watu kwenye chumba cha video cha maktaba yetu. Hii ndiyo deki, mkanda unaingia hivi, hedifoni zinavaliwa hivi, rimoti haitafunwi. Usicheke, yuko aliyeitafuna. Kanuni za ukutani nimeziandika mwenyewe kwa wino mwekundu.

Ndotoni akaingia Bibi Sekela, ambaye jana mchana alikuja kweli. Alitaka mkanda wa mashindano ya kwaya wa zamani, kwa kuwa aliyekuwa akiongoza ni marehemu mumewe, Mwalimu Ambakisye. Picha zake zote ziliteketea nyumba ilipoungua.

"Sauti yake ninayo," aliniambia, "ila sura imeniponyoka, mwanangu. Naitafuta siioni."

Tulitazama mara tatu. Sasa, mwongoza kwaya huwapa watazamaji mgongo. Nyimbo nne nzima, kisogo na koti.

"Hageuki?"

"Hageuki, bibi."

Alinishukuru, akatoka kwenye mvua. Mimi nililala nikiwaza kisogo kile.

Basi, ndotoni yuko mlangoni tena.

"Shikamoo, bibi. Mizigo inaachwa kaunta."

Ndiyo kanuni ya kwanza. Bibi anainama, anavua magoti yake mawili yanayomsumbua, anayaweka juu ya kaunta. Nampa namba saba. Magoti yanalalamika baridi, nayafunika gazeti.

Naweka mkanda. Deki inautema.

"Samahani," inasema deki, "kanuni zako zina kosa."

"Hazina."

"Soma ya tano."

Nasoma: Mtazamaji akae mbele ya televisheni.

"Jana kakaa mbele mara tatu. Kaona nini?"

"Kisogo," anajibu bibi.

"Umesikia? Mtu akikupa mgongo, unamzunguka. Hata kuku anajua."

Sikupenda kushindanishwa na kuku mbele ya msomaji. Lakini namtazama Bibi Sekela, amekunja mikono mapajani kama anayesubiri kuitwa jina hospitali, na kiburi chote kinaniisha. Nalamba kidole, nafuta kanuni ya tano. Wino unalia kidogo, kisha unazoea.

Tunazunguka nyuma ya televisheni. Pale penye vumbi na nyaya siku zote, leo pana ngazi za mbao, na watu wamesimama juu yake wamevaa majoho ya bluu. Tumetokea katikati ya kwaya yenyewe, upande wa sauti ya pili. Bibi anapanda ngazi bila magoti, vizuri kabisa.

Na Mwalimu Ambakisye anatutazama usoni.

Uso mwembamba, nyusi moja imepanda kuliko mwenzake, pengo la jino la mbele. Mtu wa kawaida tu. Bibi Sekela ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Sekela," anasema mwalimu bila kushusha mikono, "umechelewa mazoezi."

"Nimechelewa, Mwalimu."

"Kiasi gani?"

"Miaka thelathini na miwili."

"Haya, simama mahali pako."

Mahali pake palikuwa wazi, hakuna aliyepakalia. Bibi anasimama, anaimba, machozi yanamtoka na sauti haitetereki. Nasema kweli, sijawahi kuwa na furaha namna ile kazini.

"Na huyu?" mwalimu ananionyesha kwa kidevu.

"Ni wa maktaba," anasema bibi.

"Huku nyuma hakuna watazamaji. Aimbe."

Naimba. Mwalimu anafumba jicho moja kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali.

Mara deki inaita kutoka upande wa pili: "Muda umekwisha! Kanuni ya tisa, mkanda urudishwe mwanzo kabla ya kuondoka!"

"Sitoki," anasema Bibi Sekela.

"Bibi, magoti yako yako kaunta."

"Kaa nayo."

Hapo naogopa. Mtu akibaki ndani ya mkanda, nani atakwenda kuwaambia wajukuu zake? Mwalimu anashusha mikono kwa mara ya kwanza.

"Sekela. Umeniona?"

"Nimekuona."

"Vizuri?"

"Pengo na yote."

"Basi nenda na sura hiyo nyumbani. Mimi naanza tena wimbo wa kwanza, sina pa kwenda."

Mkanda unarudi nyuma. Wimbo unaturudia midomoni neno kwa neno, nasi tunashuka ngazi kinyumenyume, kwa hiyo bibi hamwachi kwa macho hata hatua moja. Kaunta namkabidhi magoti. Yamesinzia.

Nikaamka, koo limekauka. Mke wangu alikuwa amejifunika mto masikioni.

Asubuhi nafungua chumba, Bibi Sekela huyo mlangoni, ameniletea maparachichi. Nikakimbilia mkanda.

"Acha, mwanangu. Leo sitazami, nimekuja kushukuru. Sura nimeipata."

Nikasema vizuri. Sikuuliza kaipata wapi, kwa sababu mambo ya nyumbani ya wasomaji hatuyaulizi.

Alipofika kizingitini akageuka.

"Ila siku nyingine, ikiwa wimbo huujui, uchezeshe mdomo tu."