Hodi ya Mkono

Firimbi ililia nje, ikanyamaza, kisha zikalia kadhaa kwa pamoja. Niliacha chai mezani. Huku Saint Paul, Marekani, baridi hii, firimbi si ya mpira. Majirani wakizipuliza, ujue watu wa uhamiaji wameingia mtaani.

Dada yangu Ernestina alikuwa jikoni akikoroga uji wa Bibi Bogumila. Kibali cha dada cha kuishi huku kimekwisha na kipya hakijatoka. Firimbi zile zilikuwa zinamlilia yeye.

"Melkiori, kaa," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeshashika beleshi la theluji.

"Wakija hapa, mimi nitawa..."

"Utawafanya nini, mshairi? Utawasomea beti?"

Bibi huyu tunamtunza kwa zamu, mimi na dada, bintiye akiwa kazini Bloomington. Kwao Poland alikuwa mwanasosholojia. Alikaa na wanawake wa viwanda vya nguo mjini Lodz, akawauliza wanakula nini na wanamwogopa nani, akaandika walivyosema bila kuongeza neno. Serikali haikuyapenda majibu. Jeshi liliposhika nchi, askari walimgongea mlango. Kwao mgeni akija ni Mungu amekuja. Akafungua kabla hajafikiri, akamaliza majira ya baridi gerezani. Mambo yalipogeuka, wanawake wale wale wakampigia kura akawa mbunge. Alitunga sheria, akagombana na wenzake, akashindwa uchaguzi, na uzee ukamleta huku. Lakini habari za bunge hasimulii sana. Husimulia mlango.

Milango ya gari ilifungwa nje. Viatu vikakanyaga theluji, vikapanda ngazi za baraza. Bibi akaweka kidole mdomoni.

Ngo, ngo, ngo.

"Karibu!" Ernestina akaitika.

Ilimtoka tu. Mama yetu kule Bukoba alitulea hivyo: mtu akibisha, ukikaa kimya umemtukana. Mwiko ulimdondoka. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akateleza ukutani mpaka sakafuni.

"Kuna mtu ndani," mwanamume alisema nje. "Mwanamke. Fungua!" Kitasa kikatikiswa.

Damu ilinipanda. Nikapiga hatua, fimbo ya Bibi ikanizuia kifuani. Akainuka mwenyewe, akajikokota hadi mlangoni, akashika komeo bila kulifungua. Akafanya ishara ya msalaba, mara mbili. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kumwona hata yeye anaogopa.

"Nani kaitika?" sauti iliuliza.

"Mimi." Bibi aliinua sauti. "Karibu, karibu!" Alivyolivuta neno hilo, na ile r yake nzito, ungesema limezaliwa Lodz. "Ni salamu ya nyumba hii. Una karatasi ya hakimu ya kuingia humu? Ipitishe chini ya mlango. Huna? Basi salamu umepata, mlango hupati."

Karatasi haikupita. Kisha viatu vikashuka ngazi. Gari halikwenda mbali. Lilisimama kona, injini ikiunguruma.

"Bibi, umedanganya," nilinong'ona.

"Nilipokuwa mwanasosholojia sikudanganya hata siku moja," alisema, akikaa kwa shida. "Halafu nikawa mbunge."

Nilikwenda jikoni. Uji ulikuwa unaungua. Ernestina alikuwa bado sakafuni, meno yakigongana.

"Watarudi, Melki. Na mimi nitaitika tena, najijua. Ulimi wangu utaniuza."

Niliweka beleshi chini, nikachuchumaa mbele yake, nikaishika mikono yake. Ilikuwa baridi kama vyuma.

"Wale hubisha kwa mkono tu," nilisema. "Hodi hawaijui. Mimi nikija nitaitamka kwa mdomo, kwa sauti, hata theluji ikinifika kiunoni. Ukisikia mkono, nyamaza. Nakuahidi, dada: mkono wangu hautabisha mlango huu tena."