Siku ya Nne

Wanasema hasira hasara. Sawa. Hasara nimeshaipata, kwa hiyo niacheni na hasira yangu.

Kazi yangu ni kupanga mafunzo katika idara ya maji. Idara iliponunua kompyuta nne za kuchorea ramani za mabomba, kila moja na skrini pana kama mlango wa kabati, niliambiwa niandae kozi ya wachoraji wanane waliokuwa wakitumia penseli na rula tangu waajiriwe. Meza zao za kuchorea zingeondolewa mwisho wa mwezi. Mchoraji ambaye angeshindwa na mashine angepelekwa stoo kupanga viungio vya mabomba mpaka astaafu.

Mmoja wa hao wanane ni shangazi yangu. Ofisi nzima humwita Rula, kwa sababu anavuta mstari ulionyooka bila kushika kitu kingine zaidi ya penseli. Ndiye aliyenilea. Ofisini kila mtu huniita Mwalimu, isipokuwa yeye. Yeye huniita mwanangu, hata mbele ya wakubwa, nami husikia aibu na raha kwa pamoja.

Sikukurupuka. Wiki mbili nzima nilikaa nyuma ya wachoraji nikiangalia mikono yao kabla sijaandika hata mstari mmoja wa ratiba. Nikaona jambo moja. Mchoraji wa mezani hapindi mkono, hugeuza karatasi. Akitaka kuchora bomba linalokwenda mshazari, huchomoa pini, huizungusha karatasi mpaka mstari umkae vizuri, huchora, kisha huirudisha kwenye alama zake. Shangazi alifanya hivyo mara arobaini kwa siku bila hata kujijua.

Sasa, kompyuta zile zina njia mbili za kugeuza. Ya kwanza hugeuza unavyoona tu, kama vile umeinamisha kichwa. Ya pili hugeuza mchoro wenyewe, na vipimo vyote vya mahali hugeuka nao. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kijana aliyeanzia kwenye kompyuta hana haja na yoyote kati ya hizo. Mtu wa karatasi ndiye atakayeitafuta siku ya kwanza, na ataichukua iliyo karibu.

Ndiyo maana niliandika kozi ya siku kumi, watu wanne kwa zamu, kila mtu na mashine yake. Siku ya nne nzima niliipa jambo hilo moja, kugeuza bila kuharibu.

Mkuu wa idara tunamwita Bwana Fupisha. Hata salamu huzifupisha, ukimpa shikamoo anajibu "Mm." Aliipokea ratiba yangu, akatoa kalamu nyekundu.

"Siku kumi? Unafundisha watu kurusha ndege?"

"Bosi, hawa wamechora kwa mkono miaka nenda rudi. Mkono unataka muda."

"Siku mbili. Ukumbini. Weka projekta, wote waone."

"Kuchora hakuonwi, bosi. Kunashikwa."

"Na uongeze mameneja kumi na wawili kwenye orodha. Nao wanataka cheti."

"Lakini mameneja hawachori!"

"Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Hawa wazee wako wameshakauka. Uwape siku kumi, uwape mia, ni yaleyale."

Kalamu ikapita juu ya siku ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka ya kumi, kwa mstari mmoja. Wenyewe ulikuwa umepinda. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikafanya nini? Nikafyata mkia. Nikasema "sawa, bosi," nikatoka.

Kozi ikafanyika. Mameneja walikaa viti vya mbele wakichezea simu. Wachoraji walikaa nyuma, shangazi akikodoa macho ndani ya miwani, akinakili daftarini majina ya vitufe asivyovigusa. Jioni ya siku ya pili vikagawiwa vyeti, kilemba cha ukoka kwa kila kichwa, na picha zikapigwa. Kisha nikaletewa fomu ya ripoti. Mbele ya kila jina paliandikwa "amefundishwa hatua zote." Nilitia sahihi mara ishirini. Jina la shangazi lilikuwa la kumi na saba.

Wiki ya sita akapewa bomba jipya la mita mia nne, linalokatiza uwanja mshazari. Alifanya alichofanya maisha yake yote. Aligeuza mchoro, akachora, akaurudisha kwa kukadiria. Jicho lake ni zuri, lilikosea nyuzi tatu tu. Kwenye karatasi iliyochapwa usingeona kasoro, maana nyumba, barabara na bomba vyote viligeuka pamoja. Lakini wapimaji siku hizi hawasomi karatasi, huchukua vipimo moja kwa moja kwenye mashine. Wakapigilia vigingi, na wachimbaji wakafuata vigingi. Mwisho wa mtaro ukatokea mita ishirini kando, ndani ya ua wa zahanati, na sululu ikapasua bomba la majitaka. Zahanati ilifungwa siku tatu, na wagonjwa wakarudishwa getini.

Kikao kikaitwa. Shangazi alikaa mwisho wa meza, cheti chake kwenye bahasha mapajani, kana kwamba kingemsaidia. Bwana Fupisha alisoma, na siku hiyo hakufupisha hata neno.

"Mtumishi huyu amefundishwa hatua zote, kama ripoti ya mafunzo inavyothibitisha. Kosa ni lake mwenyewe. Ahamishiwe stoo kuanzia Jumatatu."

Akaiinua ripoti ili sote tuione sahihi. Sahihi yangu.

Nikasimama. "Ripoti hiyo ni ya uongo."

"Mwalimu, keti."

"Siketi! Hakufundishwa. Hakuna aliyefundishwa. Niliandika siku kumi, ukakata nane. Ratiba hii hapa, na wino wako huu hapa." Niliitupa, ikateleza mpaka mbele ya mama wa utumishi aliyetumwa na makao makuu kuamua shauri. "Soma siku ya nne, mama. Soma kwa sauti!"

Mama wa utumishi akashusha miwani. "'Wachoraji wa mezani watajaribu kugeuza mchoro kama wanavyogeuza karatasi. Wasipofundishwa, vigingi vitapigiliwa mahali pasipo.'" Akaigeuza kutafuta tarehe. "Hii iliandikwa lini?"

"Miezi miwili kabla ya mtaro."

Bwana Fupisha alianza kutafuta kalamu mfukoni, sijui ya nini.

"Na hii sahihi ya ripoti, ulisaini ukijua?" mama aliuliza.

"Nilisaini nikijua."

Uamuzi wake ulitoka palepale. Shangazi abaki kwenye kazi yake, mkuu ajieleze kwa maandishi, nami nipewe barua ya onyo la mwisho. Nilitoka kifua mbele. Nilifikiri shangazi atanikumbatia pale nje ya chumba cha kikao.

"Ulijua," alisema.

"Shangazi, si nimekutetea..."

"Leo. Siku ile je? Ulinikalia nyuma wiki mbili, ukausoma mkono wangu, ukajua nitakosea nini na nitakosea vipi. Ukaandika kabisa. Halafu ukanipa cheti, ukanipigia na makofi."

"Bosi ndiye aliyekata."

"Bosi hanijui mimi. Wewe nimekulea."

Miezi yote ile nilimchukia Bwana Fupisha kwa nguvu zangu zote, maana kumchukia yeye ni rahisi. Kalamu nyekundu ilikuwa yake, lakini ile sahihi ya kumi na saba niliiandika kwa mkono huu.

Shangazi aliingia chumba cha kompyuta, nikamfuata. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine yake, akaiwasha. Alitoa cheti kwenye bahasha, akakilaza mezani upande mweupe juu, akachukua penseli. Hakuniangalia.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Siku ya nne."